Kilicholowa Kiwekwe Juu: Swali la Uaminifu katika Ukarabati wa Bunduki za Kale

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kuna watu huko Marekani wanaotumia miaka mingi na fedha nyingi kutafuta bunduki zilizotengenezwa kabla babu zao hawajazaliwa. Wakizipata huzisafisha, huunga palipovunjika na kurudishia sehemu zilizopotea. Si bunduki za vita vya leo. Ni zile zinazopakiwa kwa mdomoni: humiminwa baruti ndani ya mtutu, ikafuata risasi ya mviringo iliyozungushiwa kitambaa chenye mafuta, kisha vyote vikashindiliwa kwa ufito. Sisi huku aina hiyo tunaiita gobore. Tofauti ni kwamba magobore mengi yaliyofika kwetu yalikuwa laini ndani ya mtutu, ilhali raifoli za Kimarekani zilichongwa mifuo inayozunguka, ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda mbali bila kuyumba.

Nimechagua mada hii kwa sababu ndani yake mna swali ambalo mwanafunzi wa dini hawezi kulikwepa. Fundi anapokirekebisha kitu cha kale kikapendeza, ni wapi anapoacha kutengeneza na kuanza kudanganya? Hilo si swali la mafundi bunduki peke yao. Linamhusu kila aliyepokea kitu kutoka kwa waliotangulia na anayetarajia kukikabidhi kwa wanaokuja.

Na tusidhani kwamba bunduki hizi ziko mbali nasi kabisa. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara. Mkataba huo ulitaja bunduki, baruti na risasi kwa majina yake: katika kisiwa cha Unguja Wamarekani wangeziuza kwa serikali tu, lakini katika bandari nyingine za Sultani wangeweza kumuuzia yeyote. Miaka 11 baadaye, mwaka 1844, Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda katika zama za Kabaka Suuna II, akamsomea habari za Mwenyezi Mungu. Njia iliyoleta Qur'ani bara ndiyo hiyo hiyo iliyopitisha nguo, shanga, pembe, watumwa na magobore. Kwa hiyo silaha ya namna hii ni sehemu ya historia yetu pia, tupende tusipende.

Vitu vyenyewe vilivyo

Raifoli ndefu ya Marekani ilizaliwa katika karne ya 18 mikononi mwa mafundi wenye asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania, hasa pande za Lancaster. Mmoja wa waliosifika ni Jacob Dickert, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1740. Bunduki hizo huitwa za Kentucky ingawa nyingi hazikutengenezwa Kentucky. Mtutu wake hupita urefu wa mita moja. Mti wake hutoka kwenye mbao za mepo zenye mistari kama mawimbi, na ubavuni mwa kitako huwa na kijisanduku chenye kifuniko cha shaba ya manjano, cha kuwekea vitambaa vya risasi.

Wapo wakusanyaji wasiotosheka na hizo, wanaotafuta zile za ajabu. Kuna zenye mitutu miwili, mmoja juu na mwingine chini, inayogeuzwa kwa mkono baada ya mlio wa kwanza. Kuna zilizopakiwa risasi kadhaa katika mtutu mmoja, moja nyuma ya nyingine, na mtambo ukatelezeshwa kurudi nyuma ili kuwasha kila moja kwa zamu yake. Kuna zenye nyundo chini ya mtutu badala ya ubavuni. Za namna hiyo zilitengenezwa na Nicanor Kendall huko Windsor, Vermont, ambaye kwa kipindi fulani aliwatumia wafungwa wa gereza la mji huo kama vibarua. Kuna pia zenye mdomo wa bandia, uvumbuzi ambao Alvan Clark aliupatia hataza mwaka 1840. Baadaye mtu huyu alikuja kujulikana zaidi kwa lenzi za darubini. Mdomo huo ni kipande cha chuma kinachopachikwa kwenye ncha ya mtutu wakati wa kupakia, ili ukingo wenyewe usichubuke, kisha hutolewa kabla ya kufyatua. Kipande hicho na mtutu wake vilichongwa mifuo pamoja, kwa hiyo kikipotea, hakuna kingine duniani kitakachoshika sawasawa na kile cha kwanza.

Sasa lililo muhimu kwa mjadala wetu ni mtambo wa kuwashia. Mwanzoni ulikuwa wa jiwe la gumegume: jiwe liligonga chuma, cheche zikaangukia kibeseni chenye baruti, moto ukapenya kitundu na kuwasha baruti ya ndani. Mwaka 1807 kasisi wa Kiskoti aitwaye Alexander Forsyth alipata hataza ya kuwasha kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na kutokana na wazo hilo zikaja fataki. Kufikia katikati ya karne ya 19, wenye bunduki za gumegume wengi walikuwa wamezipeleka kwa mafundi zikabadilishwe. Kibeseni kilitolewa, matundu ya skrubu yakazibwa, jiwe likaachia nafasi nyundo, na pale penye kitundu cha moto pakawekwa kichuchu cha chuma cha kuvika fataki.

Karne moja baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1924 John Dillin alitoa kitabu juu ya raifoli za Kentucky, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha taifa cha wapenzi wa bunduki za kupakiwa mdomoni, ambacho makao yake yako Friendship, Indiana. Hamu ya kukusanya ikapanda. Wanunuzi walitaka za gumegume, na wakawa tayari kulipa zaidi kwa ile ambayo haikuwahi kubadilishwa. Ndipo mafundi wakaanza kazi ya kinyume: kuondoa kichuchu cha fataki, kutia kibeseni kipya, jiwe jipya na chuma kipya, kisha kuvitia kutu na tindikali vifanane na umri wa mtutu. Wengine wakachonga juu ya mtutu usio na jina herufi za fundi mashuhuri.

Baadhi ya kazi hizo zilifanywa kwa nia njema kabisa, na nyingine ni wizi mtupu. Kwa macho, huenda zote zikafanana. Hapo ndipo pa kuuliza.

Kosa halikuwa mvua

Sote tunakijua kisa alichokipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba chakula kilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Mara nyingi tunakisoma kisa hiki haraka, tukakimbilia hukumu yake ya mwisho. Tukitazame tena polepole. Mtu yule hakulaumiwa kwa sababu ya mvua. Hakuambiwa atupe kile kilicholowa, wala hakukatazwa kukiuza. Kilichotakiwa kwake ni kimoja tu, nacho ni mpangilio: kilicholowa kiwe juu. Kasoro yenyewe si dhambi. Dhambi ni kuipangia mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Kwa kipimo hicho fundi wa bunduki hana kosa kwa kuunga mti uliopasuka, wala kwa kutengeneza nyundo mpya pale iliyokuwepo imepotea. Kurekebisha ni jambo jema, na kuokoa kazi ya mikono ya mtu aliyekufa zamani isiteketee kwa kutu ni namna ya kuheshimu neema. Swali ni kile kilicholowa kimewekwa wapi.

Fiqhi yetu inakwenda mbali zaidi ya maneno ya muuzaji. Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha ngamia au kondoo siku kadhaa bila kukamuliwa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo ana hiari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Angalieni: huyu muuzaji huenda hakusema neno lolote. Hakudai kwamba mnyama ana maziwa mengi. Kiwele ndicho kilichosema uongo kwa niaba yake. Basi chuma kipya kilichotiwa kutu kwa makusudi kinafanana na kiwele hicho. Fundi anaweza kukaa kimya kama jiwe, na bunduki ikadanganya.

Nyongeza nzuri isiyo na alama

Hapa wanafunzi wa elimu ya hadithi mtaniunga mkono. Neno tadlisi hutumika katika milango miwili. Katika biashara ni kuficha aibu ya bidhaa. Katika hadithi ni msimulizi kuficha aibu ya sanadi, kwa mfano kwa kutumia tamko linalofanya ionekane alimsikia shekhe ambaye hakumsikia hadithi hiyo. Shu'ba bin al-Hajjaj alikuwa mkali mno dhidi ya jambo hili. Si ajabu neno likawa moja, kwa kuwa aibu nayo ni moja: kufunika pengo ili mnyororo uonekane mzima.

Wanachokiita wakusanyaji historia ya umiliki wa bunduki, nani aliitengeneza, nani aliirithi, nani aliiuza na kwa nani, sisi tungekiita sanadi. Na nyongeza ya fundi katika kitu chenyewe tungeiita idraji: maneno ya msimulizi kuingia ndani ya matini bila kutengwa.

Mfano maarufu wa idraji ni ule wa Abu Huraira aliyewahimiza watu watimize udhu, kisha akawasimulia onyo la Mtume kuhusu visigino visivyofikiwa na maji. Baadhi ya wapokezi waliunganisha yote mawili, ikawa kana kwamba yote ni maneno ya Mtume. Je, himizo la Abu Huraira lilikuwa baya? Hasha. Lilikuwa zuri, sahihi katika maana, na limesemwa na sahaba mtukufu. Hata hivyo maulamaa walikesha kulitenga, na al-Khatib al-Baghdadi akaandika kitabu kizima cha kupambanua nyongeza za aina hii.

Hili ndilo jibu kwa fundi anayesema: "Kibeseni nilichoweka ni bora kama cha kwanza, hata yeye Dickert asingeona tofauti." Huenda ni kweli. Lakini uzuri wa nyongeza hauondoi haja ya alama. Kadiri nyongeza inavyokuwa nzuri ndivyo inavyohitaji alama zaidi, kwa sababu nyongeza mbovu hujisema yenyewe.

Asili ni ipi?

Kuna hoja yenye nguvu kuliko hiyo. Fundi atasema: "Mimi siongezi, ninarudisha. Bunduki hii ilizaliwa ya gumegume. Aliyeibadilisha mwaka 1840 ndiye aliyeipotosha, nami naitoa upotovu huo."

Bila kulinganisha hadhi ya vitu, maana hakuna cha kulinganishwa na Nyumba ya Mwenyezi Mungu, historia ya Kaaba ina funzo juu ya hoja hii. Makureshi walipoijenga upya waliishiwa fedha za halali, wakaacha nje sehemu ya Hijri na kuunyanyua mlango. Mtume (S.A.W.) alimweleza Bibi Aisha (R.A.) kwamba lau si watu wake kuwa karibu bado na zama za ujahilia, angeijenga juu ya misingi ya Nabii Ibrahim. Hakufanya. Baadaye Abdullah bin Zubeir akaijenga hivyo, baada ya kuungua katika mzingiro wa mwaka 64 Hijria. Alipouawa, Hajjaj kwa amri ya Abdul-Malik akairudisha kama walivyoiacha Makureshi. Kisha mmoja wa makhalifa wa Bani Abbas akataka kuirudisha tena kwenye jengo la Ibn Zubeir, na Imamu Malik akamshauri aiache, asije kila mtawala akaifanya kitu cha kuchezea.

Imamu Malik alijua vizuri misingi ya kwanza ilikuwa ipi. Alichokiona ni kwamba kurudisha asili nako ni kubadilisha, na kwamba mkono wa mwenye kurudisha si mtakatifu kuliko mikono iliyoutangulia.

Nami naona hivyo katika jambo hili dogo. Mkulima wa Ohio aliyepeleka bunduki ya baba yake ikatiwe fataki hakuipotosha. Aliitumia. Mabadiliko yale ni ukweli wa maisha yake kama mtutu ulivyo ukweli wa maisha ya aliyeufua. Ukiyafuta ili bunduki ionekane ya mwaka 1780, umemfuta mtu mmoja katika sanadi. Sisemi ni haramu. Nasema aliyefanya hivyo amebeba mzigo wa kuthibitisha haja, na asipoweka alama amebeba zaidi ya huo.

Neno hufa, chuma hubaki

Mtu ataniambia kwamba yote haya yanatatuliwa kirahisi: fundi amwambie mnunuzi. Akishamwambia, dhima yake imetoka.

Kwa mnunuzi yule, ni kweli, mauzo yake ni halali. Lakini bunduki hizi zimeishi miaka 200 na zaweza kuishi mingine 200. Mnunuzi aliyeambiwa atakufa. Warithi wake watakuta bunduki ukutani bila maelezo, watampelekea mnada, na mnada utaisifu kama inavyoonekana. Mnunuzi wa nne atalipa bei ya kitu kisichokuwepo, na wote waliopita mikononi mwao hawakutamka uongo hata mmoja.

Kwa hiyo kwa kitu kinachoishi kuliko mtu, neno la mdomo halitoshi. Ukweli lazima ukae ndani ya kitu chenyewe. Wapo mafundi wanaopiga muhuri wa jina na mwaka upande wa chini wa kipande kipya, mahali ambapo hapaharibu sura lakini kila atakayefungua mtutu atapaona. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Nayo ndiyo tafsiri ya kilicholowa kuwekwa juu kwa ajili ya watu ambao hujazaliwa nao zama moja. Tunazungumza sana juu ya sadaka yenye kuendelea baada ya kifo. Tukumbuke kwamba udanganyifu nao unaweza kuendelea baada ya kifo, ukimkuta mtu mwezi hadi mwezi ilhali aliyeupanga yuko kaburini hawezi tena kuomba radhi.

Je, silaha yenyewe?

Wapo watakaosema kwamba nimeruka swali la kwanza: Muislamu ana haja gani na mkusanyiko wa silaha? Swali ni la haki, na nitalijibu kwa ufupi. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inazihesabu bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa vitu vya kale, lakini katika nchi zetu kumiliki silaha bila kibali ni kosa, na kutii sheria hiyo ni katika kulinda nafsi za watu. Israfu nayo ina mipaka yake: anayenunua bunduki ya kumi ilhali jirani yake analala njaa ajiulize mwenyewe.

Liko jambo moja zaidi. Raifoli hizi zilikuwa chombo cha mwindaji aliyelisha watoto wake, na zilikuwa chombo cha kuwaondoa wenyeji wa bara lile katika ardhi zao. Wenyeji wenyewe nao walizinunua: raifoli za kina Henry wa Pennsylvania ziliuzwa kwa kampuni ya manyoya ya John Jacob Astor na kufika mbali katika nchi zao. Mkwaruzo kwenye kitako, sehemu iliyolainishwa na shavu la mtu, waya uliofungwa penye ufa katikati ya msitu, huo ni ushahidi. Anayeisugua bunduki mpaka ing'ae kama imetoka dukani jana amemnyamazisha shahidi. Na ushahidi tumeamrishwa tusiufiche, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu.

Mwisho

Ndugu zangu, wengi wetu hatutaishika raifoli ya Pennsylvania maishani. Lakini kila siku tunapokea vya kale na kuvipitisha. Tunapopewa daftari la darsa la shekhe tukaongeza maelezo yetu pembeni, aliyelinakili baada yetu atajua lipi la shekhe na lipi letu? Tunapotuma fatwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya kuifupisha na kuilainisha, tumeweka alama? Tunaponukuu hadithi kwa maana, tunasema kwamba ni kwa maana, kama wema waliotangulia walivyozoea kuongeza "au kama alivyosema"? Tunapoisimulia historia ya Uislamu katika nchi zetu, tunawataja watumwa waliopita njia ile ile, au tunaisugua ing'ae?

Fundi mwaminifu harudishi kitu kwa waliokufa. Anakikabidhi kwa wanaokuja, na wao wana haki ya kujua ni wapi mkono wake ulipita.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie kuwa wakweli katika tunavyovipokea na tunavyoviacha. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.